Sahani mbili juu ya kabati

(Nimenakili kutoka daftari langu la mwaka ule. Maneno machache yaliyofutika kwa maji nimeyajaza kwa kukisia. Mengine nimeyaacha kama nilivyoyaandika.)

Likasi, Ijumaa, Noeli 1992. Jioni, kabla giza halijaingia.

Mvua imekatika saa tisa, lakini mabati bado yanadondosha. Umeme wa bwawa la Koni umekatika tangu jana, kwa hiyo nimekaa dirishani na nitaandika mpaka nisione mstari. Nataka kuweka yote, hata ninayoyajua vizuri. Mwaka huu nimeona jinsi mtu anavyopoteza kwanza vile vitu vidogo alivyodhani hawezi kuvisahau. Tayari sikumbuki kama mama alikuwa anaanza kumenya kitunguu kwa juu au kwa chini.

Hii ni Noeli ya kwanza bila yeye.

Niseme habari ya sahani. Kwetu Wabemba, mwanaume akitaka mke hutuma mshenga, naye huleta sahani mbili nyeupe, moja imefunika nyingine, zimefungwa kwa kitambaa. Katikati huwamo nsalamu, alama ya uchumba: ushanga, bangili, kitu chochote kidogo. Nyumba ikikubali, wazee wa msichana hufungua mbele ya watu. Ikikataa, sahani hurudi. Hakuna haja ya maneno mengi.

Zangu zililetwa mwezi wa pili. Mama alizipokea mlangoni kwa mikono miwili, akaziweka juu ya kabati la vyombo, akasema papa, baba yangu, ataita ndugu zake. Mwezi wa tatu mama akalazwa. Siku kumi na moja tu, akafa. Papa akasema sahani haifunguliwi ndani ya matanga, tungoje mwaka uishe. Hakuna aliyembishia. Mimi mwenyewe sikuwa na moyo wa kusikia vigelegele.

Aliyezituma ni Donatien. Alizaliwa hapa Panda, mtaa wetu wa Likasi, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Ni fundi umeme. Tulijuana kwenye kwaya, alipokuja kutengeneza kipaza sauti akabaki kuimba besi, vibaya sana, na kwa sauti kubwa. Baba yake, marehemu, alikuja kutoka jimbo la Kasai kufanya kazi ya shaba akiwa kijana. Donatien mwenyewe hajawahi kuiona Kasai. Mama yake, mama Ngalula, akimsemesha Kiluba cha kwao, yeye hujibu kwa Kiswahili chetu.

Mpaka mwezi wa nane hilo halikuwa neno la kuandika katika daftari.

Mwezi wa tisa vijana walipita nyumba kwa nyumba na filimbi, wakisema Katanga ni ya Wakatanga, watu wa Kasai warudi kwao. Walikuwa wanajua milango yote, kwa sababu ni watoto wa hapa, tumewaona wakikua. Watu wa Kasai walitolewa na magodoro yao, na kabla ya jioni nyumba zilikuwa na watu wengine, nguo zao zimeanikwa kwenye kamba zilezile. Tangu hapo Donatien na mama yake wanalala kituo cha treni, gare, pamoja na maelfu. Mashuka yamefungwa kwenye miti na kwenye nguzo za taa. Treni huja wiki hii, halafu haiji wiki tatu.

Wakati huo wote sahani zilikuwa juu ya kabati.

Niungame jambo hapa, maana kwa abbé, padri wetu, sijaliungama. Siku moja ya mwezi wa kumi na moja nilipanda kiti nikazishusha. Nilikuwa nimesikia filimbi barabara ya pili. Niliwaza kuzifukia nyuma ya choo, na kama wangeuliza, ningesema sijawahi kuziona. Nilizitikisa kidogo. Hazikulia. Nikadhani ushanga umekazwa vizuri. Halafu nikaona haya, nikazirudisha, nikafuta kiti.

Nilimkana Donatien kwa muda wa kuteremka na kupanda kiti.

Jumanne Kabwe alikuja. Kabwe ni jirani yetu wa nyumba ya tatu. Tulipokea komunyo ya kwanza siku moja, na kuna picha tuko tumesimama pamoja, soksi zake zimeshuka. Sasa amefunga kitambaa kichwani na ana filimbi shingoni. Hakuingia. Alisimama kwenye ngazi, akapangusa matope ya viatu kwanza, kama mama alivyotufundisha sote.

"Feli, papa eko?"

"Eko analala."

"Bon. Miye sina na mambo na weye, unajua. Mais lakini batu banasema ku ile nyumba yenu kuko sahani ya bilulu."

Bilulu, wadudu. Ndivyo wanavyowaita watu wa Kasai sasa.

"Kabwe, ulikulaka kwa mama Ngalula weye."

"Nilikulaka, ni kweli. Hata mukate alikuwa anatupatia." Alicheka, na kicheko kilikuwa cha zamani, hicho ndicho kilichoniogopesha. "Muirudishe, Feli. Kisha ya Noeli tutapita. Nyumba ya sahani ya bilulu, ni nyumba ya bilulu. Salimia papa. Bonne fête ya Noeli."

Papa hakuwa amelala. Alikuwa nyuma ya pazia, na viatu mkononi.

Jana mchana alikuja tantine Ida, dada yake papa, anayekaa mtaa wa Kikula. Huyu tangu mwezi wa tisa wimbo wake kwa kaka yake ni mmoja. "Yaya, ile sahani itatuua. Rudisha." Halafu akanigeukia mimi: "Na weye! Banaume balikwisha mu Likasi muzima? Hakuna hata Musanga wa hapa kwetu? Hata Mulamba mumoja wa Kapolowe mwenye shamba ya muhogo? Ni paka huyu mumoja tu, wa kuimba sawa ngombe?"

Ningecheka siku nyingine. Lakini niliona kwamba akisema hivyo haangalii kabati. Anaangalia chini. Nimemkuta mara nyingi hivyo mwaka huu, na nilidhani ni hofu tu.

Asubuhi hii tulikwenda misa. Misa ya mkesha haikuwapo, hakuna anayetembea usiku. Kwaya yetu ilikuwa na watu thelathini, leo tumeimba kumi na mmoja. Besi haipo kabisa. Besi wote wako gare. Tulianza wimbo wa Noeli ukawa kama nyumba isiyo na sakafu, kila mmoja anatafuta pa kukanyaga. Abbé alisoma Injili mpaka pale isemapo hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Akafunga kitabu. Hakuhubiri. Alikaa kwenye kiti chake, na kanisa zima likasikia mvua.

Tulipofika nyumbani papa hakuvua koti. Alipanda kiti, akashusha sahani, akazipangusa vumbi kwa mkono wa koti lake jema.

"Feli, vwala viatu. Tunaenda gare."

Nikauliza kufanya nini, ingawa nilijua.

"Kurudisha. Mushenga alikimbia, hakuna wa kutuma. Nitarudisha miye mwenyewe, na heshima. Siwezi kufungula mu matanga, na siwezi kungoya Kabwe aingie mu nyumba ya mama yako."

Nilivaa viatu. Papa amefanya kazi miaka ishirini na saba kwenye tanuru la shaba, mikono yake imekuwa migumu kama ngozi ya kiatu, na leo ilikuwa inalainisha mikunjo ya kile kitambaa. Tantine Ida, aliyelala kwetu, alitufuata nyuma, chini ya mwavuli wake. Njia nzima niliangalia mgongo wa papa. Nilikuwa nimebeba sufuria ya bukari, ugali wetu, na bowa, uyoga wa mvua niliounga tangu asubuhi, kama ninavyopeleka kila siku. Niliwaza: ya leo ni ya mwisho.

Gare, matope yanafika kwenye vifundo vya miguu. Kuna moshi, kuna kukohoa kusikoisha, na leo mtu alikuwa amefunga tawi la kijani kwenye nguzo, na karatasi za maziwa zimekatwa nyota. Donatien alitutambua kwa mbali akainuka. Alipoona papa amebeba nini, alikaa tena.

Mama Ngalula alitoka chini ya shuka yao akijifuta mikono. Alikuwa mama mnene, mwenye kelele. Amebaki kelele. Mwezi uliopita amemzika hapahapa mtoto wake wa mwisho, Mbombo wa miaka sita, aliyekufa kwa surua.

"Papa Feli, karibu. Bonne fête. Kiti hakuna, ikala pa valise." Alimsogezea sanduku.

"Sikukuya kwikala, mama. Nilikuya kurudisha."

Watu wa mashuka ya jirani wakanyamaza. Mama Ngalula aliangalia zile sahani, halafu akaniangalia mimi, halafu akashika kiuno.

"Bon. Rudisha. Mais fungula mbele."

"Mama, niko mu matanga."

"Na miye niko mu nini?" Alisema bila hasira. "Sahani hairudike kwa mwenyewe bila kuonekana. Kesho mutasema tulipokea, siye tutasema tulikamata na mikono mitupu. Tulifwata mila yenu mupaka pa kuituma, tuifwate na pa kuirudisha. Niliweka ushanga mweupe, na mumoja wa buluu katikati. Nilitunga na uzi mweusi, sababu uzi mweupe ulikwisha. Nionyeshe ushanga yangu, nikamate, tuachane muzuri."

Papa alipiga goti moja katika matope. Akafungua fundo, akainua sahani ya juu.

Ndani hamkuwa na kitu.

Sahani ilikuwa nyeupe, safi, na tone la mvua likaanguka katikati yake. Papa aliinua na ya pili, akaigeuza. Akakung'uta kitambaa. Akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo na baba yangu. Ilikuwa sura ya mtu anayeuliza na anaomba asijibiwe. Nilifungua mdomo niseme kwamba nilizishusha siku moja, lakini nilichelewa. Nyuma yetu mtu alisema polepole, "Baliiba hata ushanga." Ndugu yangu wewe unayesoma, tumekuwa watu wa kusingiziwa na kusingizia mwaka mzima. Lakini papa hajawahi kuitwa mwizi.

"Yaya, simama," tantine Ida akasema. "Haikuibiwa."

Alifunga mwavuli, mvua ikamnyeshea.

"Miye njo nilimunawisha bibi yako siku alikufa, ulikuwa inje na banaume. Alikuwa nayo mu kiuno. Nyeupe, na mumoja wa buluu. Na uzi mweusi."

Papa alimgeukia, kitambaa mkononi.

"Aliifungula yeye peke, siku ileile ilifika. Aliniambia ku lopitalo. Anasema: Ida, usiikate wakati wa kuninawisha. Nimekwisha kumupokea huyu mutoto. Ambia bwana yangu siku atakuwa na roho ya kusikia." Tantine alianza kulia kwa kukasirika, kama anavyolia kila mara. "Nilikuwa nangoya upate roho, yaya. Kisha ikafika mwezi wa tisa, na miye nikakosa yangu. Nikasema, arudishe bila kufungula, itaisha. Nani angejua?"

Nilikuwa nimeshika masikio ya sufuria na sikusikia joto lake. Niliwaza mama kitandani, siku zile kumi na moja, alivyokuwa akipitisha mkono chini ya shuka na kuuacha pale kiunoni. Nilidhani anaumwa.

Papa alikaa. Alikaa juu ya lile sanduku alilokataa mwanzo, akazipanga sahani mbili juu ya magoti yake.

"Miezi tisa," akasema. "Miezi tisa niko nachunga sahani bule."

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nilidhani analia, na mama Ngalula pia, maana aliinama kumshika. Alikuwa anacheka. Kicheko kidogo, cha puani, ambacho sijakisikia tangu mwezi wa tatu. "Huyu mwanamuke," akasema. "Huyu mwanamuke." Halafu ndipo akalia.

Mama Ngalula alichukua zile sahani, akazisuuza kwa maji ya mvua, akanipokonya sufuria. Akapakua bukari upande huu, bowa upande ule, akaweka mbele ya papa. Papa alinawa. Watu wote walikuwa wanaangalia mkono wake. Alifinya tonge, akachovya, akala.

Wanawake walipiga vigelegele, vifupi, kisha wakajizuia na kuangalia upande wa uzio.

Donatien alikuwa amesimama bila kujua mahali pa kuweka mikono. Kwetu mkwe hukaa mbali, hamwangalii baba wa mke wake machoni. Papa akamkumbusha: "Weye sasa uko bukwe. Toka pa macho yangu."

"Ndiyo, papa. Mais nitaenda wapi? Gare yote imejaa."

Akatugeuzia mgongo, na akala hivyo, sahani kifuani, anatazama behewa bovu. Tantine Ida akasema hata mgongo wake unaimba vibaya. Tulicheka sana. Nimeandika hili polepole, nisije nikalisahau.

Abbé hufika gare kila Jumapili, na leo Noeli alifika pia. Alisikiliza yote, akasema makaratasi ya ndoa yatafuata watu. Kesho asubuhi, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, atatubariki mimi na Donatien treni itakapolia, nami nipande pamoja nao, kwa maana treni inasemwa ni kesho. Inasemwa kila siku, lakini leo wameona kichwa chake.

Mkubwa wa behewa akasema orodha ya wasafiri imefungwa. Hakuna jina jipya. Mama Ngalula alimjibu bila kupaza sauti: "Mbombo bado eko kwenye orodha. Soma Mbombo. Huyu ataitika."

Kwa hiyo kesho watakapomwita mtoto wa miaka sita, nitaitika mimi.

Nilimuuliza Donatien kama anaogopa. Alisema: "Kule banatungoya na jina ingine. Hapa tuko Bakasai, kule banasema tuko Bakatanga. Paka mu njia tu njo tutakuwa batu." Alikuwa anatania. Macho yake hayakuwa yanatania. Watu wanasema wale wa treni ya mwisho walikaa njiani wiki mbili, na kwamba kwenye kila kituo walishushwa waliokufa. Nimeuliza nani aliyewaona. Hakuna aliyejua, lakini hakuna aliyekataa.

Wakati wa kurudi, Kabwe na wenzake walikuwa kwenye kivuko cha reli. Walikuwa wameshaona kila kitu kutoka kwenye uzio.

"Papa Feli," akasema Kabwe. "Mulirudisha?"

Tantine alimvuta papa mkono wa koti. Papa angeweza kusema ndiyo. Mikono yetu ilikuwa mitupu, sahani zimebaki kule. Ingetosha kutikisa kichwa.

"Nilikula," papa akasema. "Ni bakwe yangu. Nilikula nabo Noeli."

Nilingoja filimbi. Kabwe alivua kile kitambaa cha kichwani, akakishika kifuani, akainama kidogo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba. Wenzake nao wakasogea, wakatupisha njia.

"Aksanti, papa," akasema. "Tulisikia."

Bora angetutukana.

Sasa nimefunga virago. Vitenge viwili, sindano za mama, misale, picha ya komunyo. Nimemwambia papa twende wote. Nimemwambia mara tatu. Anasema yeye ni mtu wa hapa, nani atamfukuza mtu kwao? Anasema mama amelala hapa. Anasema tanuru likiwashwa tena watamtafuta. Yuko nje sasa, anafagia matope mbele ya mlango. Jirani wa kulia amepita, papa amemtakia Noeli njema, na jirani ameangalia saa yake. Wa kushoto amefunga madirisha, ingawa mvua imekwisha.

Siku zote nilidhani kukubaliwa ni kama kuingia ndani na kufunga mlango, mvua ikabaki nje. Leo tumekubaliwa, na naona mlango uko wazi pande zote mbili.

Mstari hauonekani vizuri tena. Papa amemaliza kufagia. Ameweka kiti chake nje, amekaa, mikono juu ya magoti, uso barabarani. Anangoja asikie nimelala.

Kesho nikiitika jina la Mbombo nitakuwa na watu wangu, popote watakaposhushwa. Papa atakayebaki kwao, je, ataamka kwa nani?